Mchezo Uliotumwa Kazi

Ndugu msomaji, hebu tujiulize: mchezo ukishatumwa kazi, bado ni mchezo? Nauliza hivi kwa sababu siku hizi kila anayemtengenezea mtoto kitabu, kipindi cha redio au katuni hujisifu kwamba mtoto "atajifunza huku akicheza". Maneno matamu hayo, na wazazi wanayapenda. Lakini ukificha kidonge ndani ya ndizi, yule anayekula anakula ndizi au dawa?

Fikra yenyewe si mpya. Mwaka 1969 huko Marekani kilianza kipindi cha televisheni cha Sesame Street. Waanzilishi wake waliona jinsi watoto wadogo wanavyoshika upesi nyimbo za matangazo ya biashara, wakasema basi, ujanja unaouza bia na uuze herufi na namba pia. Hapa kwetu, mwaka 2014, zilianza katuni za Ubongo Kids kutoka Dar es Salaam, hisabati na sayansi ndani ya visa na nyimbo za Kiswahili, na mtoto akaweza kujibu maswali kwa ujumbe wa simu ya kawaida. Sisemi kwamba hayo ni mabaya. Mtoto anayecheka na hesabu ni heri kuliko anayelia nazo.

Ila kabla ya katuni, bibi zetu walikuwa na chombo chao. "Kitendawili!" "Tega!" Mtoto akishindwa haitwi mjinga wala hachapwi, anaombwa mji tu. Anatoa Tanga, unakataliwa. Anatoa Mombasa, unapokelewa. Mtegaji anautembelea mji wake kwa maringo, kisha anafumbua. Angalia hekima hiyo: faini ya kutojua ni mji ambao hata si wako! Ndiyo maana kesho jioni mtoto yule yule anarudi, tayari kupoteza miji mingine kumi. Darasani je? Kosa lina kalamu nyekundu, na mahali pengine lina fimbo. Matokeo yake mtoto anajifunza kwanza kunyamaza, ndipo ajifunze hesabu.

Hapo ndipo naiona siri ya mchezo: ni mahali ambapo kukosea ni bei rahisi. Tazama bao, mashimo 32 na kete 64. Mchezaji hodari anahesabu kichwani kete zitakapofikia kabla hajazigusa, na hakuna aliyemwambia kuwa lile ni somo. Angeambiwa, labda angekimbia! Tazama pia watoto wa kombolela. Wanabishana juu ya sheria nusu saa, wanacheza dakika kumi, wanabishana tena. Sisi tunaita zogo, kumbe pale wanapima haki: nani alionekana kweli, nani alichungulia, na kama mdogo asamehewe.

Wapo watakaonijibu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Mama anayekaanga vitumbua alfajiri ili mwanawe apate daftari hana muda wa kusikiliza habari za kombolela. Hoja hiyo ni nzito, wala siipuuzi. Lakini mtoto si samaki, na utoto si chumba cha kusubiria utu uzima. Kama kila saa yake lazima ilete faida, basi tumemfanya kibarua kabla hajaota magego. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, uliweka elimu katika ibara ya 28 na 29, na mchezo ukapewa ibara ya 31. Haukufichwa ndani ya elimu. Kwa maana nyingine, mtoto ana haki ya kucheza hata pale mchezo usipomfundisha kitu.

Sasa tufanyeje, tuache kufundisha kwa mchezo? Hapana. Ila tuupime kwa maswali matatu. Je, mtoto anaweza kukataa au kuacha bila kununiwa? Je, anaweza kubadili sheria, au yeye ni wa kubonyeza na kuitikia tu? Na akikosea, anapoteza nini? Kipindi kinachofaulu hapo ni mchezo wa kweli, hata kama kina hesabu ndani yake. Kinachoshindwa ni darasa lililovaa kinyago, na mtoto si mjinga. Akionja uchungu wa kidonge mara moja, kesho ataiogopa hata ndizi yenyewe.

Nawageukia vijana wenzangu tunaotamani kuandika. Tumezoea kumaliza hadithi ya watoto kwa swali la shuleni: hadithi hii inatufundisha nini? Jamani, tulifute. Tumwache sungura amdanganye fisi, mtoto acheke mpaka machozi, kisha akalale. Kama kuna funzo, atalikuta mwenyewe, na hilo ndilo halitamtoka.