Chenji Si Yako
Neno: Yohana 12:6, 13:29

Vijana wetu wa Tongaren mnaoishi chumba kimoja pale Chuo Kikuu cha Kibabii, sikieni. Yesu na wanafunzi wake walikuwa na mfuko mmoja, wa kununua mahitaji na kusaidia maskini. Yuda aliushika, akawa anadokoa. Kabla hajamuuza Bwana, alianza na pesa ndogo ndogo.

Mkichanga ya unga, mafuta na sukuma wiki, mmoja anunue, mwingine aandike bei, chenji ihesabiwe mbele ya wote. Mahindi bebeni kutoka nyumbani, msagishe. Asiye na kitu wiki hii asifichwe sufuria. Aoshe vyombo, ale.

Mama aliuza kuku ndio utumiwe hiyo pesa. Mwambie jirani: chenji si yangu! Amina.