Kamba ya Nepi

Kwenye nyumba yenye kichanga, kamba ya uani hutoa habari kabla watu hawajasalimiana: nepi za kitambaa, nyeupe, zimeanikwa safu nzima.

Zamani zilifuliwa kwa mkono, beseni baada ya beseni. Leo mwenye mashine ya kufulia hudhani akishabonyeza kitufe, kazi imekwisha. Haijaisha. Kinyesi kikung'utwe chooni kwanza. Nepi isuuzwe kwa maji baridi, maana maji ya moto hugandisha doa. Ndipo iingie mashineni, nyuzijoto 60, sabuni ya kutosha na nafasi ya kugeuka. Ukizishindilia, zitatoka na harufu yake ile ile. Na ile dawa ya kulainisha nguo, iache. Hunukia vizuri, lakini huacha utando kwenye pamba, nepi ikashindwa kunyonya mkojo. Mwisho ni jua: hukausha, hufifisha madoa, wala halili umeme.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mashine imepunguza jasho, haikuondoa malezi. Bado unatakiwa mkono wa kukung'uta, jicho la kukagua, na pua ya kunusa kama sabuni imetoka yote.

Basi baba ambaye bado umejifunika shuka, amka. Kitufe hakiulizi nani mama, nani baba. Leo zamu ya nepi ni yako. Asubuhi njema.