KHUTBA YA IJUMAA: KUZALIWA KWA NABII ISA (A.S.) NA NOELI YA JIRANI ZETU

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mmoja asiye na mshirika. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na maswahaba wake, na Manabii wote waliomtangulia. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu wa Sanga na wa Kamina yote, Desemba imeingia na mvua yake, embe zimejaa sokoni, na kila usiku tunasikia korali za makanisa zikifanya mazoezi. Katoliki huku, Metodiste kule, Pantekoti nyuma ya nyumba zetu. Noeli imekaribia. Na kila mwaka ikikaribia, imamu huletewa maswali yale yale. Lakini mwaka huu nimeletewa moja ambalo limeninyima usingizi, ndiyo sababu khutba ya leo tumeichapa kwenye karatasi, mtu aende nayo nyumbani.

Kijana mmoja wa jamaa yetu alinijia baada ya sala. Yeye ni Mwislamu, mama yake ni Mkristo, Mluba wa hapa hapa. Mama amemwita Noeli, aje na mke na watoto. Mwaka juzi hakwenda. Mwaka jana hakwenda. Safari hii mama amemtumia neno: kama dini yako inasema mimi si mama yako tena, uniambie mara moja, nijue. Kijana ananiuliza, Imamu, nimjibu nini?

Kabla ya kumjibu kijana, tujue kwanza tunazungumza juu ya nini. Maana wengi wetu tunapinga Noeli bila kujua Wakristo wenyewe wanasema nini ndani yake. Tunaona nguo mpya za watoto, tunaona pombe barabarani, tunasema hiyo ndiyo Noeli. Hapana. Hata mapadri na wachungaji wanaikemea pombe hiyo. Tusimhukumu mtu kwa mlevi wake, kwa sababu na sisi tunao wanaofunga Ramadhani na wanaofunga siku ya kwanza na ya mwisho tu.

Mkristo anasema hivi: Isa alizaliwa na Bikira Mariamu katika mji wa Betlehemu, siku za mfalme Herode, wakati Warumi wanatawala. Injili ya Luka inasimulia kwamba hawakupata nafasi ya kulala, mtoto akalazwa mahali pa kulishia mifugo, na wa kwanza kupewa habari walikuwa wachungaji wa kondoo. Injili ya Matayo inasimulia wageni wenye elimu kutoka mashariki. Lile zizi dogo la sanamu mnaloliona makanisani limetokana na Fransisko wa Asizi, aliyetengeneza mfano wake Italia mwaka 1223. Lakini hayo yote ni nguo ya juu. Moyo wa Noeli kwa Mkristo ni kwamba Mungu mwenyewe, katika Mwana, alichukua mwili wa binadamu akaja kukaa kati ya watu, na alikuja masikini, ili baadaye afe msalabani kwa ajili ya dhambi zao. Kwa hiyo ukimwuliza Mkristo anayejua dini yake, atakuambia Noeli bila Pasaka haina maana. Jambo hilo maaskofu wao walilikatia shauri katika mkutano wa Nikea mwaka 325, wakamkataa padri Ario aliyesema kwamba Mwana aliumbwa. Nimelieleza kama wanavyolieleza wao, bila kupunguza. Ni uadilifu kulieleza neno la mtu kwa namna ambayo mwenyewe angelikubali.

Sasa sisi. Je, habari ya kuzaliwa kwa Isa ni ya Wakristo peke yao? Wallahi hapana. Jina la Isa limetajwa ndani ya Qur'ani mara 25. Jina la Maryam mara 34, na hakuna mwanamke mwingine aliyetajwa kwa jina lake. Mama yake Mtume wetu, Bibi Amina, hakutajwa. Bibi Khadija hakutajwa. Maryam ana sura nzima, aya 98, ya kumi na tisa.

Na sura hiyo inasimulia nini? Inasimulia msichana aliyejitenga na watu wake upande wa mashariki. Malaika akamjia kwa sura ya mtu, naye akajikinga kwa Mungu, kwa sababu alikuwa peke yake na mwanamume asiyemjua. Akaambiwa atapata mtoto, akauliza itakuwaje, na hakuna mtu aliyemgusa. Kisha uchungu ukamfikisha kwenye shina la mtende, mbali na nyumbani, bila mkunga, bila mama, bila dada wa kumshika mkono. Akatamani angekuwa amekufa kabla ya siku hiyo. Nyinyi akina mama mliozaa usiku, barabara imeharibika kwa mvua na zahanati iko mbali, mnaielewa aya hiyo kuliko mimi ninayeisoma. Hapo ndipo alipofarijiwa: chini yake kijito, juu yake tende mbivu, atikise shina, ale, anywe, atulize macho yake.

Halafu akarudi kwa watu wake, amembeba mtoto. Nao wakamtazama kwa jicho lile ambalo kila kijiji kinalijua. Wakamkumbusha kwamba baba yake hakuwa mtu mbaya wala mama yake hakuwa mwovu. Ndiyo namna ya watu ya kumtukana mwanamke kwa adabu. Yeye hakujibu, kwa sababu aliweka nadhiri ya kunyamaza. Alimwonyesha mtoto. Na mtoto mchanga akasema, na neno la kwanza alilolisema ni kwamba yeye ni mja wa Mwenyezi Mungu. Akasema pia kwamba amepewa Kitabu, amefanywa Nabii, na ameamrishwa sala na zaka na kumtendea wema mama yake.

Hapo ndipo njia zetu zinapoachana na jirani zetu. Tunakubaliana juu ya bikira. Tunakubaliana juu ya malaika. Tunakubaliana juu ya miujiza. Wao wanasema aliyezaliwa ni Mungu katika mwili. Sisi tunasema aliyezaliwa ni mja na Mtume mtukufu, aliyeumbwa bila baba, na mfano wake mbele ya Mungu ni kama Adam, kama inavyofundisha Surat Al Imran aya ya 59. Tofauti hiyo si ndogo, na asiwadanganye mtu kwamba ni maneno tu. Ni Tauhidi yenyewe. Kwa hiyo hatusali ibada ya Noeli, wala hatusemi Mwana wa Mungu ili kumfurahisha mtu.

Lakini yako mambo mengine nayaona katika simu za vijana wetu, na leo nitayasema. Mnapeana video za mihadhara, nyingine za Tanzania, nyingine sijui za wapi. Humo wamo wenye elimu, Mungu awalipe. Wamo pia wanaofanya mzaha. Mtu anasimama mbele ya umati anauliza, Mungu alinyonya? Mungu alivishwa nepi? Watu wanacheka. Na kicheko kikishaanza hakichagui, kinafika mpaka kwa mama aliyezaa, mpaka kwenye mimba yake. Ndugu yangu, simama hapo. Surat An-Nisaa aya ya 156 inawalaumu watu kwa uzushi mkubwa waliomzulia Maryam. Qur'ani imekuja kumtetea mwanamke huyu. Wewe Mwislamu ukigeuza uzazi wake kuwa kichekesho cha sokoni, umesimama upande gani siku ile alipoingia kijijini amembeba mtoto? Umesimama na yeye, au umesimama na wale waliomtazama?

Wengine wanashika jambo la tarehe. Wanasema Qur'ani imetaja tende mbivu, na tende haziivi Desemba, basi Noeli ni uongo. Hoja hiyo ni nyepesi. Injili hazikutaja siku yoyote, na Wakristo wenye elimu wanalikubali hilo. Siku ya 25 Desemba ilijulikana Roma katika karne ya nne. Wakopti wa Misri na Wahabeshi wanasherehekea 7 Januari. Na hapa kwetu Kongo, ndugu zetu Wakimbangu tangu mwisho wa miaka ya 1990 wamehamisha Noeli kuwa 25 Mei, siku aliyozaliwa Dialungana Kiangani mwaka 1916, mtoto wa Simon Kimbangu yule aliyefia gerezani Lubumbashi mwaka 1951. Mashahidi wa Yehova hawaisherehekei kabisa. Ukimshinda jirani kwa tarehe, hujagusa imani yake hata kidogo. Wazee wetu waliyaona: mwaka 1974 Serikali ya Mobutu iliifuta Noeli katika siku za mapumziko, kama ilivyokuwa imekwisha kufuta majina ya ubatizo mwaka 1972. Watu walikwenda kazini tarehe 25. Je, Ukristo ulikwisha Zaire? Jibu mnalisikia kila Jumapili asubuhi.

Tazameni namna maswahaba walivyofanya. Mwaka wa tano wa utume, karibu mwaka 615, Waislamu walikimbilia Uhabeshi kwa mfalme Mkristo, Najashi. Makureshi wakatuma wajumbe ili warudishwe. Jaafar bin Abi Talib alipoombwa asome, katika Qur'ani yote iliyokuwa imeteremka alichagua mwanzo wa Surat Maryam. Najashi akalia mpaka ndevu zikalowa. Kesho yake wajumbe wakarudi na fitina: waulize wanasema nini juu ya Isa! Ilikuwa hatari. Jaafar hakuficha. Alisema kwamba Isa ni mja wa Mungu na Mtume wake. Alianza na lile linalowakutanisha, na alipoulizwa juu ya lile linalowatenga, alilisema kwa ukweli na kwa heshima. Na Wakristo wa Najran walipofika Madina kujadiliana na Mtume (s.a.w.) juu ya Isa, waandishi wa sira wanasimulia kwamba wakati wao wa sala uliingia wakasali ndani ya msikiti wake, naye akazuia wasisumbuliwe. Majadiliano yaliendelea, hawakukubaliana, wakaandikiana mkataba wa amani.

Sasa nirudi kwa kijana wetu, na kwanza niseme la kwangu mwenyewe, maana na mimi nilikosa.

Nilipomaliza chuo cha Korani nilirudi nyumbani nikiwa kijana, kanzu nyeupe, kichwa kimejaa. Nkambo wangu mwanamke alikuwa Metodiste. Ikafika Noeli, akapika bukari na kuku na sombe, akaweka mbele yangu. Mbele ya watu wote nikauliza kwa sauti, nani amechinja? Kimya. Nikasukuma sahani. Nkambo hakusema neno, akaichukua akawapa watoto wa jirani. Mimi nikajiona nimeitetea dini. Asubuhi yake, kabla jua halijatoka, nikasikia hodi. Nkambo amesimama mlangoni, mkononi ana kuku mzima amefungwa miguu, na kisu. Akaniambia: chinja wewe, namna Mungu wako anavyotaka, mimi nitapika. Toka siku hiyo mpaka alipokufa, kila Noeli aliniletea kuku wake mzima. Mimi niliyekaa chuoni miaka saba sikuiona njia hiyo. Yeye asiyejua kusoma aliiona kwa usiku mmoja.

Basi kijana, jibu lako ni hili. Surat Luqman aya ya 15 inasema juu ya wazazi ambao hawako katika dini yako, na hata wakikushurutisha umshirikishe Mungu: katika hilo usiwatii, lakini ukae nao duniani kwa wema. Mama yako hakukushurutisha kitu. Amekuita kula. Nenda. Nenda na mke na watoto, wamjue bibi yao. Kanisani usiingie kusali, pombe usiguse wala usikae palipo na pombe. Chakula cha watu wa Kitabu kimehalalishwa katika Surat Al-Maida aya ya 5. Wako wanazuoni wanaoweka masharti katika kuchinja, na walimu wangu walikuwa hao. Ikiwa moyo wako una shaka, fanya kama nkambo wangu: kuku achinjwe na mkono wako.

Na salamu? Wanazuoni wamehitilafiana. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim walikataza kuwapongeza wasio Waislamu kwa sikukuu zao za dini. Katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliruhusu kwa wale wanaoishi nasi kwa amani, akategemea Surat Al-Mumtahina aya ya 8. Mimi kwa upande wangu sina shida kumwambia mama aliyenizaa, Mungu akupe heri na afya na maisha marefu siku ya leo. Anayetaka kuchukua kauli ya kukataza, achukue, lakini asimfanye mwenzake kafiri kwa sababu ya salamu.

Akikuuliza mama, nyinyi mnasema nini juu ya Yesu? Usikimbie. Msomee Surat Maryam, umfasirie kwa Kiluba chake taratibu. Wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba habari hiyo imo kwetu.

Baada ya Alasiri leo tutaanza darsa ya sura hiyo, wanaume na wanawake, mpaka tuimalize. Na siku ya 24 Desemba, baada ya Alfajiri, mimi na muadhini tutakuwa nyuma ya msikiti kwa wenye kuku wa kupeleka kwa wazazi. Waleteni wamefungwa miguu, na kila mtu aje na chombo chake.

Wabillahi taufiq. Wasalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.