Ni Mmea Tu

Binamu yangu wa Toronto alikosea grupu. Picha aliyotaka kumtumia rafiki yake ikatua kwenye WhatsApp ya familia, Jumapili baada ya kanisa, kila mtu akiwa kwa simu. Ilikuwa ya mche wa bangi ndani ya kihema chenye taa, maua yamevimba, yanang'aa kama yamemwagiwa sukari. Aliifuta haraka, lakini shosho alikuwa ashaiona.

Binamu hakuwa amevunja sheria. Kanada iliruhusu bangi kwa watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018, na kule Ontario nyumba moja inaweza kuwa na miche minne. Lakini mbele ya shosho alijitetea vile sisi wote hujitetea: "Shosho, ni mmea tu. Mungu ndiye aliuumba."

Shosho amelima kahawa Murang'a tangu kabla sisi tuzaliwe. Akarekodi sauti: "Ni ya kienyeji ama ni chotara?"

"Chotara, shosho."

"Basi usimwekelee Mungu yote. Chotara kuna mtu aliitafuta."

Nimekaa na maneno hayo wiki kadhaa. Shosho anajua anachosema. Ruiru 11 ilipotolewa mwaka 1985, haikudondoka kutoka mbinguni. Watafiti walichanganya kahawa na kahawa wakitafuta mche utakaostahimili kutu ya majani na ugonjwa unaoozesha matunda. Hadi leo wapo wakulima wanaoapa kwamba SL28 ya zamani ndiyo yenye ladha. Kila chotara ni jibu la swali moja: ulitaka nini?

Mche wa binamu nao una ukoo. Unaitwa Girl Scout Cookies, na wakuzaji wengi huwataja wazazi wake kuwa OG Kush na Durban Poison, mbegu yenye asili ya Afrika Kusini. Mtu aliwachanganya, akaotesha watoto, akanusa, akavuta, akatupa wengi, akabaki na aliyempenda. Mche kama huo huendelezwa kwa vipandikizi ili tabia isibadilike. Madume hung'olewa mapema, maana jike lisilochavushwa halipotezi nguvu kwa mbegu. Binamu huuacha gizani saa kumi na mbili kila siku ili udhani msimu umegeuka, utoe maua. Akivuna, anakausha polepole, anaweka kwenye chupa, na kuifungua kidogo kidogo. Akianza kueleza harufu, utadhani ni muonja kahawa: limau, udongo, petroli kwa mbali.

Kazi yote hiyo ni ya nini? Ni ya raha. Haina jina lingine.

Na ndilo neno tusilolisema. Tukitetea bangi hapa Kenya, tunatafuta wakili mkubwa. Wa kwanza ni Mungu. Wa pili ni dawa, na kweli wapo wagonjwa wanaosaidika, lakini wengi wetu tukiwasha hatuumwi na chochote. Wa tatu ni pesa: mwaka 2022 George Wajackoyah aliwania urais akisema bangi ya kuuza nje ingelipa deni la taifa, na vijana tukashangilia. Sikusikia mtu akisimama kusema: naipenda, basi. Mnywaji wa divai haulizwi inatibu nini.

Nadhani tunaogopa kwa sababu raha huja na bili. "Ni mmea tu" haina bili. Waliochanganya mbegu walitafuta nguvu wakaipata: nchini Marekani, bangi iliyokamatwa na polisi ilikuwa na wastani wa THC wa takriban asilimia 4 mwaka 1995, na takriban asilimia 12 mwaka 2014. Hiyo si kazi ya mvua. Ni mikono ya watu ikichagua, na anayefurahia chaguo hilo amelirithi pamoja na madhara yake.

Ndiyo maana swali la pili la shosho lilimbana binamu kuliko la kwanza: "Na kijana wako wa miaka kumi na tano?"

Ubongo wa umri huo bado unajengwa, na bangi kali humuweka kijana kwenye hatari zaidi ya kuugua akili. Sasa utamwambiaje "ni mmea tu," halafu umkataze kuugusa?

Upande wa pili wa bili uko Nairobi. Mwaka jana binamu yetu mwingine, wa Kayole, alishikwa na rolo moja. Alilala seli kutoka Ijumaa hadi Jumatatu. Familia ikachanga kwenye grupu hiyohiyo, na kazi yake ikaenda. Kuna jambo sikusema siku hiyo. Nilikuwa naye. Tulivuta pamoja rolo ya kwanza, nikaondoka dakika kumi kabla makarao wafike. Nilichanga elfu mbili, nikaweka emoji ya mikono ya maombi.

Raha ilikuwa ileile, damu ni ileile. Mmoja ana mavuno yake kwa chupa, mwingine ana faili kortini, na mimi nina jina safi. Kama raha hiyo ni kosa, tumekosa sote watatu. Kama si kosa, basi kuna mtu alilala seli bure, na mimi nilinyamaza. Anayesema "naipenda" kwa ukweli hawezi kukwepa mambo mawili: kumlinda mtoto asiyefaa kuigusa, na kutomwachia mwingine alipe peke yake.

Jioni ile binamu wa Toronto alirudi kwa grupu. Alisema ametia kihema kufuli, na kijana ataambiwa ukweli wote. Kisha: "Si dawa, shosho. Naipenda tu."

Kimya. Halafu binamu wa Kayole, ambaye tangu kesi ianze haandikangi chochote: "Hata mimi nilikuwa naipenda tu."

Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena: "Siku ile tulikuwa wawili."

Nikatuma.