Je, Ni Huruma Kumrudisha Samaki Majini?

Huenda hujapata kuuona uvuvi ninaotaka kukueleza. Katika Uingereza yako maziwa madogo mengi ambayo ni mali ya watu binafsi. Wenyewe huyatia samaki waitwao trauti, waliokuzwa kwanza katika mabwawa. (Samaki wa jamaa hiyo waliletwa Kenya kutoka Uskoti mwaka 1905, wakatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare.) Mvuvi hulipa ada ya siku, husimama ukingoni na ufito mrefu mwembamba, na kuutupa mshipi wenye ndoana iliyovikwa manyoya hata ikafanana na mdudu aliyeanguka majini. Samaki huidaka, hushtuka, hukimbia huku na huko mpaka achoke. Ndipo mvuvi humvuta, humchomoa ndoana, na katika baadhi ya maziwa hayo humwachilia aende zake. Hakumla wala hakumwuza, na kesho mtu mwingine aweza kumnasa samaki yule yule.

Asikiaye habari hii kwa mara ya kwanza hucheka, kisha huuliza: basi alimvulia nini? Swali hilo si la mzaha. Ndani yake limo swali zito: je, yafaa kumtaabisha kiumbe kwa ajili ya furaha yetu, maadamu mwishowe tunamwachilia akiwa hai?

Haki yatutaka tuwasikilize kwanza wenye desturi hiyo. Mwaka 1939 Lee Wulff, mvuvi mashuhuri wa Marekani, aliandika ya kuwa samaki wa namna hii ana thamani kubwa mno kuvuliwa mara moja tu. Mito mingi ilikuwa ikipungukiwa na samaki, na kuwarudisha majini kulisaidia kukihifadhi kizazi chao. Wavuvi waangalifu hutumia ndoana zisizo na kijino, hulowesha mikono kabla ya kumgusa samaki, wala hawavui maji yanapokuwa na joto jingi. Nao hutuuliza: “Ninyi mnamwua na kumla, sisi tunamwacha aishi. Ni nani mwenye huruma zaidi?”

Hoja hii ina nguvu, basi tuipime kwa uangalifu.

Kwanza, je, samaki huona maumivu? Mwaka 2002 mtaalamu mmoja wa Marekani, James Rose, alishikilia kwamba ubongo wa samaki hauna sehemu iwezayo kuyatambua maumivu. Mwaka uliofuata Lynne Sneddon na wenzake, katika Uskoti, walionyesha kwamba midomo ya trauti ina mishipa ya fahamu inayopokea madhara. Samaki waliochomwa asidi ya siki midomoni waliisugua midomo yao kwenye changarawe, wakachelewa kurudia chakula. Wataalamu wangali wakibishana. Lakini mtu akiliona gunia likitikisika njiani, asijue kama ndani yake mna kuku ama ni upepo tu, je, atalipiga bakora kwa kujifurahisha kwa sababu hana hakika? Penye shaka, anayecheza ndiye apaswaye kujizuia.

Pili, je, aliyeachiliwa huishi? Wengi huishi, bali si wote. Katika uchunguzi uliotangazwa Kanada mwaka 1992, trauti walikimbizwa majini mpaka wakachoka kabisa. Miongoni mwa wale ambao hawakutolewa majini, walikufa kama 12 katika kila 100. Miongoni mwa walioshikwa nje ya maji kwa sekunde 60 tu, walikufa kama 72 katika kila 100. Kumbe muda wa kumsifu samaki na kumpiga picha waweza kuwa ndio muda wa kumwua. Naye huenda akafa baadaye kilindini, mvuvi amekwisha kwenda nyumbani akijiona mwenye huruma.

Tatu, hoja ya mtoni haihamishiki ziwani. Mtoni, anayemrudisha samaki wa asili hulinda kizazi ambacho kingeweza kutoweka. Lakini katika ziwa la mtu binafsi, samaki alitiwa makusudi ili anaswe. Hakuna kizazi kinachookolewa hapo. Kinacholindwa ni mchezo wenyewe.

Na lile swali la nani mwenye huruma zaidi? Ni kweli kwamba samaki aliyeachiliwa ana heri kuliko aliyekaangwa. Lakini tusimlinganishe na huyo. Tumlinganishe na yule ambaye hakunaswa kamwe. Mtu akimsukuma mwenzake kisimani, kisha akamtupia kamba, hatumwiti mwokozi. Anayemla samaki amechukua uhai kwa haja ya riziki, na ndiyo maana dini yetu imehalalisha mavuo ya majini kuwa chakula. Bali Mtume Mtukufu s.a.w. alikataza kumfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Hata sheria za nchi zimeanza kuuliza sababu: sheria ya Ujerumani ya mwaka 1972 yakataza kumtia mnyama maumivu pasipo sababu ya maana, na Uswisi, kwa kanuni za mwaka 2008, ilikataza kuvua kwa nia ya kuachilia.

Lakini, ndugu msomaji, usiufunge ukurasa huu ukiwacheka matajiri wa mbali. Je, hujamwona kuku akibebwa kichwa chini toka sokoni, miguu imefungwa kwa kamba? Hujamwona punda akichapwa chini ya mzigo usiomfaa, na watoto wakimfunga panzi uzi, nasi wazazi tukitazama? Haja ya nyama hutupa ruhusa ya kuchinja. Haitupi ruhusa ya kutesa njiani. Nasi twaweza kufanya ukatili kwa uvivu tu, bila hata ile furaha anayoitafuta mvuvi.

Basi kabla ya kumgusa kiumbe yeyote aliye dhaifu kuliko wewe, jiulize: haja yangu ni nini, na je, yastahili maumivu yake? Ukiona haja hiyo ni mchezo tu, uzuie mkono wako mapema, kabla hujalazimika kutafuta namna ya kumfariji uliyemwumiza. Mwenyezi Mungu atujalie mioyo yenye huruma kwa viumbe Vyake vyote. Amin.