Mkanda Ulioachia Mlangoni

Karani mmoja wa ghala, bandarini Dar es Salaam, aliapa kutovaa tena mkanda wa ngozi. Masika yalikuwa yamemwozeshea miwili kabatini: aliitoa mvua zilipopungua akaikuta imeota ukungu, na harufu imehamia mpaka kwenye mashati. Uamuzi wake haukuwa mbaya. Mtu wa pwani anayelowa jasho tangu saa mbili asubuhi, anayeshinda akichutama kuhesabu magunia na kuinuka tena, ngozi ya nini? Wengine huikwepa kwa sababu ya dini, maana mkanda ukishapakwa rangi si rahisi kujua ulitoka kwa mnyama gani. Na bei yake ndiyo hiyo inayojulikana. Kosa la karani lilikuwa kudhani kwamba visivyo ngozi vyote ni kitu kimoja.

Akaenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Machinga mmoja, mikanda imemjaa shingoni na mikononi, akamnyooshea mweusi unaong'aa, wenye bizimu pana la rangi ya dhahabu na herufi kubwa katikati.

"Ngozi tupu hii, bosi wangu. Italia."

"Mimi sitaki ngozi."

"Basi umefika, bosi. Hii hata siyo ngozi!"

Wakacheka wote wawili. Kusema haki, kijana alikuwa amesema kweli mara ya pili. Begani pake ulining'inia pia mkanda wa nailoni iliyosukwa, rangi ya udongo, bei nusu ya ule mweusi. Karani hakuugusa. Aliuona wa mgambo, akanunua ule mweusi.

Mkanda ule mweusi ungepasuliwa hapohapo, ndani kungeonekana kitambaa hafifu au kitu kama kadibodi, na juu yake utando mwembamba wa poliurethani uliogandamizwa ili uwe na mistari ya ngozi. Joto, unyevu na jasho huulegeza utando huo kidogo kidogo, mpaka uanze kubanduka magamba. Unyevu wa hewa peke yake unatosha, kwa hiyo hata anayeutunza kabatini kwa ajili ya sikukuu hajauokoa. Mikanda ya PVC ina ugonjwa wake mwingine: plastiki yake hulainishwa kwa kemikali ambazo baada ya muda hutoka, nayo ikabaki kavu na kupasuka, kwa kawaida kwenye tundu linalotumika kila siku. Ipo pia ya mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi, nayo huitwa ngozi bila aibu yoyote. Kuikagua hakuna gharama. Tazama ukingo wa tundu na ncha iliyokatwa; ukiona tabaka mbili tatu zimebandikwa pamoja, kunja mkanda hapo kwa nguvu, uso ukiwa nje. Muuzaji akikunyang'anya, umeshapata jibu.

Lakini utando haukuwa wa kwanza kumsumbua karani. Bizimu lilitangulia. Kila alipochutama, ukingo wake wa chini ulimchoma tumboni, na baada ya wiki kadhaa akatokewa na vipele chini ya kitovu vinavyowasha usiku kucha. Akapaka dawa ya fangasi, vikaongezeka. Muuguzi wa zahanati hakumwuliza habari za kuoga. Alimwambia avue mkanda aulaze mezani, kisha akalinganisha umbo la bizimu na umbo la vipele. Vilikuwa sawasawa. Nikeli, madini yanayopakwa kwenye vyuma vingi vya bei rahisi ili ving'ae, hutoka kidogo kidogo yanapokutana na jasho, na ngozi ya mtu ikishayakataa haiyasamehe tena. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha nikeli inayoruhusiwa kutoka kwenye vitu vinavyogusa mwili kwa muda mrefu tangu mwaka 1994. Sokoni kwetu kinga ya mnunuzi ni kuchagua bizimu la plastiki ngumu, au kuhakikisha fulana imekaa katikati.

"Na paja la kulia linakufa ganzi," karani akaongeza, kama mtu aliyepata wa kumshitakia.

"Unakaza tundu la ngapi?"

Alikuwa anakaza la mwisho. Mkanda unaobana sana hukandamiza mshipa wa fahamu unaopita karibu na nyonga kwenda upande wa nje wa paja. Muuguzi alimwambia alegeze, na kwamba mkanda ukishafungwa vidole viwili vipite bila kugombana. Akalegeza tundu moja. Mkanda wenyewe hakuuacha. Aliulipia pesa nyingi mno kuuacha.

Ndipo ikaja safari ya Tanga, kupeleka posa ya kaka yake. Mjomba wao, nahodha mstaafu wa jahazi, ndiye aliyeongoza msafara, kanzu nyeupe na kofia ya mkono. Mlangoni kwa wenyeji karani akainama kuvua viatu. Mkanda ukakatika kwenye tundu, bizimu likaanguka sakafuni kwa kishindo, na ndani wanawake wakanyamaza kusikiliza. Shati jeupe lilikuwa na alama nyeusi kiunoni za magamba ya utando.

Mjomba akamvuta pembeni ya ukuta, akapandisha kanzu, akafungua mkanda wake: wa turubai, umepauka, wenye bizimu la kubana lisilohitaji tundu. "Vaa huu, mjomba. Mimi nina kanzu, suruali nitaishika na kiwiko."

Tumbo la mzee na kiuno cha karani vilipishana sana, lakini mkanda usio na matundu haukujali. Aliuvuta mpaka ukamtosha. Saa tatu nzima akakaa mkekani, akala, akainama kupokea kahawa, hakuna kilichomchoma.

Aliporudi Dar es Salaam alinunua miwili ya nailoni, mmoja wake na mmoja wa mjomba. Safari hii alipima kwanza vitanzi vya suruali zake, akachagua upana wa sentimita tatu na nusu, unaopita kwenye suruali ya kitambaa na bado hauchezi kwenye jinzi. Urefu uliozidi akaukata, ncha akaiunguza kwa kiberiti isifumuke, jambo ambalo nailoni inalikubali na turubai la pamba halilikubali. Ukichafuka unafuliwa na sabuni ya kawaida jioni, asubuhi umekauka.

Mjomba alipoletewa zawadi aliupitisha mkononi, akanusa, akavuta mara mbili. Akasema ni mzuri lakini unateleza, tumbo la mzee linataka turubai. Akaomba arudishiwe wake.