Mpeni Zamu Nyingine

Masomo: Matendo 15:36–40, 2 Timotheo 4:11



Marko aliwaacha Paulo na Barnaba kule Pamfilia, safari ikiwa bado mbichi. Baadaye Paulo akakataa katakata kufuatana naye, Barnaba akamchukua. Nikilisoma somo hili nawakumbuka Wajerumani watatu, Hans Vogt, Jo Engl na Joseph Massolle.

Walianza kazi mjini Berlin mwaka 1919, sinema ingali bubu. Walitaka sauti ikae kwenye mkanda uleule wa picha. Maikrofoni iligeuza sauti kuwa umeme, umeme ukaendesha taa iliyopepesa kwa kuifuata sauti hiyo, na mwanga wake ukapigwa picha pembeni mwa mkanda. Ukumbini mambo yalirudi kinyume: mwanga ulipenya pale pembeni, ukazaa umeme, na umeme ukawa sauti tena. Mkanda ukisitasita hata kidogo, sauti huyumba. Ndiyo maana waliweka gurudumu zito la kutuliza mwendo. Tarehe 17 Septemba 1922, katika ukumbi wa Alhambra, Berlin ikasikia filamu zao zikisema.

Kisha ikaja Desemba 1925. Ufa, kampuni kubwa ya filamu ya Ujerumani, ilionyesha filamu fupi ya msichana muuza viberiti kwa mitambo yao. Sauti ikaharibika mbele ya wageni, na Ufa ikaachana na jambo hilo. Jasho la miaka sita likahukumiwa kwa usiku mmoja! Hukumu hiyo naiona ya haraka mno, kwa kuwa kazi yenyewe haikuwa bure. Mwaka 1928 hataza zao zikawa msingi wa kampuni ya Tobis. Mwaka huohuo AEG na Siemens zikaunda Klangfilm ili kutengeneza mitambo ya sauti. Na mwaka 1929 Ufa ileile iliingia mkataba na Klangfilm, ikajenga studio za sauti Babelsberg.

Paulo naye, akiwa kifungoni, alimwagiza Timotheo aje na Marko, kwa sababu anamfaa katika huduma. Lakini katikati ya kukataliwa na kuitwa alikuwapo Barnaba, na huyo ndiye anayekosekana katika sharika zetu. Kijana anababaika akisoma somo siku ya sikukuu, na hapangiwi tena. Mwimbaji anapoteza ufunguo mara moja, anahamishiwa mstari wa nyuma mpaka anaacha kuja.

Wazee wa kanisa na walimu wa kwaya, nawasihi: wiki hii mtafuteni mmoja wa hao, kaeni naye afanye mazoezi, kisha Jumapili mpeni zamu yake.